Namba Nilizomficha Kaka Yangu

Tangazo la nafasi za mafunzo lilibandikwa kwenye ubao wa chifu siku ya Alhamisi. Ijumaa baada ya sala, kila kijana wa Matondoni alikuwa ameshalipiga picha kwa simu. Walitaka watu waliomaliza kidato cha nne, wapelekwe Mombasa kufundishwa kazi za kuanzia za uchukuzi. Upande wa bandari ulikuwa kufunga makontena na kumwelekeza dereva wa kreni. Upande wa reli ulikuwa kupanga mabehewa na kusimamia taa za ishara. Reli yenyewe haijafika Lamu mpaka leo. Kaka yangu, ambaye hakuwa ameona treni ila kwenye simu, alichagua reli.

Mimi nilijaza bandari kwa sababu mama aliniambia nijaze chochote.

"Weye andika tu," alisema, "ili mwende pamoja. Kaka yako hawezi mambo ya fomu."

Ilikuwa kweli. Kaka alinizidi miaka miwili, na mikononi alikuwa mwepesi kuliko mafundi wawili waliofanya kazi na baba kwenye mashua. Lakini ukimwekea karatasi mbele, alianza kujikuna shingo. Kwa hiyo nilikwenda naye mjini, tukaketi kwenye saiba, duka la kompyuta, tangu asubuhi hadi adhuhuri, nikamwandikia barua ya maombi. Niliiandika mara tatu. Nikampangia cheti cha kuzaliwa, barua ya chifu na cheti cha polisi cha mwenendo mwema. Yangu niliinakili kutoka yake, nikabadilisha jina na neno "reli".

Kuna jambo moja nililolijua mimi peke yangu. Kaka yangu hakuwa akiona nyekundu kama sisi.

Nililigundua nikiwa na miaka sita au saba. Baba alikuwa amemwachia makopo mawili ya rangi apake ukingo wa mashua ya mteja, nyekundu juu, kijani chini. Kaka alizigeuza. Aliifanya kazi hiyo vizuri, kwa mstari ulionyooka, huku akiimba. Baba alipokuja alidhani ni ukaidi, akamchapa kwa kipande cha kamba mbele ya mteja, mpaka mteja mwenyewe akasema, "Basi, Bwana, atapaka upya." Jioni ile kaka aliniita nyuma ya nyumba, akanionyesha makopo yote mawili.

"Hii na hii," aliniuliza, "weye waona tofauti?"

Nilicheka kwanza. Halafu nikamtazama, nikaacha.

Tangu siku ile nilikuwa mato yake, ndivyo tunavyoyaita macho kwetu. Nilimchagulia nyanya zilizoiva. Baba akisema "lete ile nyekundu," mimi nilikuwa wa kwanza kulisogelea kopo, nilisukume kidogo kwa mguu. Shuleni nilimwandikia majina ya rangi kwenye penseli zake. Aliniapisha nisimwambie mtu, nami sikumwambia mtu kwa miaka kumi na mitatu. Nasema haya ili ijulikane kuwa nilikuwa naweza kunyamaza kwa ajili yake. Si kwamba sikumpenda.

Mtihani wa maandishi tulipita sote wawili. Yeye alipita kwa shida na mimi nilipita vizuri, na nyumbani wakasema alhamdulillahi, kijana amepita. Wakamchinjia kuku. Mimi ndiye niliyemnyonyoa.

Tukaitwa mjini kwa ukaguzi wa afya na mahojiano. Tulilala kwa shangazi yetu Wiyoni, ili tuwahi. Asubuhi, tukiwa tunakunywa chai, mama akapiga simu. Alizungumza na kaka kwanza, akamsomea dua ndefu, nikimwona kaka akiitikia amina na macho yake yamefumba. Halafu simu ikaja kwangu.

"Mwangalie kaka yako," mama alisema. "Akikwama, msaidie. Weye usiikaze sana."

"Nisiikaze nini?"

"Hiyo kazi. Mwanamke atakwenda wapi na makontena? Lakini yeye akipata, tumepata sote."

Nilisema naam, mama. Nikamrudishia shangazi simu yake. Nakumbuka nilimaliza mkate wangu wote, nikala na wa kaka aliokuwa ameuacha kwa wasiwasi. Sikuhisi hasira. Nilihisi kama mtu aliyesomewa kitu alichokuwa amekijua zamani, kwa sauti tu.

Ukaguzi ulifanyika kwenye ukumbi mmoja karibu na barabara ya pwani. Wasichana waliitwa kwanza, kwa kuwa tulikuwa wachache. Kwenye foleni, msichana mmoja mwenye faili la plastiki, ambaye shemeji yake alifanya kazi ofisini, aliniuliza kama nimekuja na mtu. Nikamwambia nimekuja na kaka yangu.

"Hee, pole," akasema. "Hawachukui wawili nyumba moja. Wanataka kugawa kila mahali. Mmoja wenu atarudi."

Sikumuuliza alijuaje. Alilisema kama mtu anayesema mvua itanyesha. Nilipogeuka nikamwona kaka uani, chini ya dirisha, amevaa shati la kuazimwa lililombana mabega. Aliniinulia mkono.

Ndani, walinipima kimo, uzito na shinikizo la damu. Kisha nikapelekwa kwenye meza ya mwanamume mmoja wa bara, mnene, mwenye koti jeupe juu ya shati la kijani. Alinisomesha herufi ukutani. Akafungua kitabu.

Kila ukurasa ulikuwa na duara lililojaa vidoto vya rangi, na katikati ya vidoto, kwa rangi nyingine, kulikuwa na namba. Kumi na mbili. Nane. Ishirini na tisa. Tano. Tatu. Kumi na tano. Sabini na nne. Nilizisoma zote bila kusita, na kabla sijamaliza nilikuwa nimeshaelewa kitabu kile kilitengenezwa kwa ajili ya nani.

"Sawa kabisa," mtu yule akasema. "Kwenye taa na ishara hatutaki mchezo. Anayefuata!"

Namba zilikuwa saba. Mimi nilikuwa nimezoea kukariri. Juzuu nzima nilikariri nikiwa mdogo. Kutoka mezani pale hadi uani ni hatua ishirini, labda ishirini na tano, na hatua zote hizo nilikwenda nazo kichwani kwa mpangilio wake.

Kaka alinijia mbio.

"Kuna nini huko?" Alinishika kiwiko. "Kuna mambo ya rangi?"

Nilimtazama vidole vyake vilivyonishika. Vilikuwa na makovu ya patasi.

"Hakuna," nikasema. "Wapima kimo. Wakusomesha herufi ukutani. Utapita."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Niliapa. Kama ningesema tu "hakuna" nikaishia hapo, pengine leo ningekuwa na pa kujificha. Lakini niliulizwa kwa jina la Mungu, nikajibu kwa jina la Mungu, jua likiwaka na watu wakitupita.

Wavulana walipoanza kuitwa, wasichana tulikuwa tumeketi kwenye mabenchi ya nyuma ndani ya ukumbi uleule, tukingoja mahojiano. Kwa hiyo niliona yote. Kaka alipimwa kimo, akasoma herufi mpaka mstari wa mwisho, akanitafuta kwa macho akatabasamu. Kisha mtu wa shati la kijani akafungua kitabu.

Kaka alikiangalia. Akanigeukia tena. Safari hii hakutabasamu.

"Soma namba," mtu yule akamwambia.

"Kumi na mbili," kaka akasema. Hiyo ya kwanza huonwa na kila mtu.

"Na hii?"

"Tatu."

Ilikuwa nane. Mtu yule akainua kichwa.

"Na hii?"

"Sabini." Alisema kwa sauti, kwa uhakika, kwa sababu aliiona sabini kweli. Ilikuwa ishirini na tisa. Baadaye nilikuja kujifunza kwamba kitabu kimetengenezwa hivyo, ili mwenye macho ya aina yake aone namba nyingine na asijue kuwa amepotea. Kurasa zilizofuata hakuona kitu. "Vidoto tu," alisema. "Hapana namba hapa."

Mtu yule angeweza kuandika kwenye karatasi, akamwambia kijana pole, nenda. Alifanya vile kwa wengine walioshindwa kwa presha au masikio. Lakini nadhani alikuwa amechoka na joto, na asubuhi nzima hakuwa amepata cha kumchekesha. Akamwita mwenzake wa meza ya pili.

"Njoo umwone huyu. Anataka reli." Akamgeukia kaka. "Shati langu ni rangi gani?"

Kaka akalitazama lile shati muda mrefu. "Kahawia," akasema.

Benchi la mbele likacheka.

"Na hiyo ndoo ya maji pale?"

"Kijani."

Ndoo ilikuwa nyekundu. Sasa foleni yote ilikuwa imegeuka, na waliokuwa uani wakaja madirishani.

"Kijana," mtu yule akasema, polepole, kama mwalimu, "taa ikiwa nyekundu, treni ya abiria inakuja, wewe utafanya nini? Utampigia simu mamako?" Akangoja wamalize kucheka. "Haya, la mwisho. Damu yako ni rangi gani?"

"Nyekundu," kaka akasema.

"Ah! Umejuaje?"

"Niliambiwa."

Ukumbi uliangua kicheko. Watu walipiga mapaja. Msichana mwenye faili la plastiki aliniegemea begani akicheka hadi machozi, akaniuliza, "Wamjua huyo? Si wa kwenu huyo?" Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, nimefunika mdomo kwa ncha ya mtandio, nikasema, "Simjui."

Kaka alikuwa anatazama upande wetu.

Alichukua karatasi zake mezani, akazipanga vizuri kingo zake, akatoka. Mimi nilibaki kwa ajili ya mahojiano. Waliniuliza kwa nini nataka kazi ya bandari, nikawajibu vizuri sana. Sijawahi kujibu vizuri namna ile tena maishani.

Nilipotoka alikuwa ameshaondoka. Hakupitia kwa shangazi. Alikwenda kwa miguu mpaka Matondoni, kwenye mchanga na jua la saa nane, na nilipofika nyumbani alasiri nilimkuta ameketi barazani, viatu vya kuazimwa viko kando, miguu ina malengelenge. Baba alikuwa amesimama mbele yake.

"Wamekukatalia nini?" baba aliuliza.

"Mato."

"Mato yana nini?"

Ikabidi aseme. Alimweleza baba yote kwa maneno machache, tangu makopo ya rangi. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani ataikumbuka ile kamba, atasema neno. Alisema hivi:

"Kumbe miaka yote hii nimempa kipofu burashi zangu." Akaingia ndani.

Mama alikuwa mlangoni. Alinigeukia mimi.

"Na weye ulikuwako. Uliingia kwanza. Hukuona wanafanya nini? Hukuweza kumwambia?"

Nilifungua mdomo, na kaka akanitangulia.

"Aliniambia," alisema bila kunitazama. "Alinitajia namba zote. Nilisahau."

Mama akampiga kofi. Kaka alikuwa na miaka ishirini na mbili. Mama akampiga la pili, kwa kusahau, akaanza kulia yeye mwenyewe. Mimi nilisimama pale na mkoba wangu begani. Ningeweza kusema neno moja. Nilikwenda jikoni nikawasha jiko, kwa kuwa ilikuwa wakati wa kupika.

Kabla ya juma kwisha watoto wa kijiji walikuwa wamempa jina: Rangi Gani. Walimfuata nalo msikitini, walimfuata nalo pwani. Wenye mashua wakaacha kumpa kazi ya kupaka, halafu wakaacha kumpa na ya useremala, ingawa msumeno haujali rangi. Walisema hawataki mikosi. Mwezi wa pili akavuka kwenda Kizingitini, kisiwa cha Pate, kwa mnunuzi wa kamba wa baharini. Kazi yake ilikuwa kupima na kupakia. Lile jina lilimfikia huko kwa mashua ya kwanza iliyotoka kwetu.

Barua yangu ilikuja akiwa ameshaondoka. Nilikuwa nimechukuliwa. Mama aliishika muda mrefu ingawa hajui kuisoma.

"Waandikie," akaniambia, "uwaombe waiweke kwa jina la kaka yako. Waambie ni nyumba moja, mama mmoja."

"Mama, hawafanyi hivyo."

"Umewauliza?"

Hakutania. Siku nne hakusema nami, na nilipopanda boti ya Mokowe kwenda kupanda basi, ni baba aliyenisindikiza, tena mpaka nusu ya njia tu. Alikuwa na kazi, alisema.

Kwenye basi nilikuta ndugu wawili wa Kizingitini, kaka na dada, tumbo moja. Walikuwa wamechukuliwa wote wawili. Niliwauliza mara mbili kama ni ndugu kweli. Yule msichana akanionyesha vitambulisho, akidhani nafanya mzaha. Kumbe hapakuwa na sharti la nyumba moja. Lilikuwa neno la foleni tu. Safari nzima hadi Mombasa niliangalia nje ya dirisha, na ndugu wale wakagawana machungwa mbele yangu, wakanipa na mimi nusu.

Chuoni, wiki ya pili, mwalimu wa usalama alitueleza kwa nini wanapima rangi. Alisema dereva wa kreni yuko juu, hasikii. Anaona taa na kizibao chako tu. Ukimchanganyia ishara, kontena linashuka juu ya mtu. Mwanafunzi mmoja aliuliza kama kuna wanaoiba mtihani kwa kukariri. "Wapo," mwalimu akasema. "Na huyo aliyemkaririsha amemuua."

Neno lile nililidaka kama mtu anayezama. Mchana huohuo nilimrekodia kaka ujumbe wa sauti, mrefu, nikamweleza habari ya kreni na makontena na vifo. Nikamalizia, "Kwa hiyo kaka, wallahi ilikuwa heri kwako usipite."

Alama mbili za buluu zikatokea. Hakujibu. Nilimtumia ujumbe ule nikijiambia namfariji. Leo nikiukumbuka naona kwamba katika yote niliyomfanyia, huo ndio uliokuwa mbaya kupita mengine, kwa sababu siku ile hapakuwa na mtu wa kushindana naye nafasi.

Nilimaliza mafunzo, nikaajiriwa bandarini. Sasa ni mwaka wa tatu. Nasimama chini ya kreni na kofia ngumu na kizibao cha kung'aa, naonyesha kwa mkono shusha, simama, pandisha. Ni kazi nzuri. Naipenda, na nikisema vinginevyo nitakuwa naongeza uongo.

Mwaka jana kaka alioa, huko huko Kizingitini. Mimi nilisikia kutoka kwa shangazi. Nilikwenda baada ya mwezi, bila kualikwa, nimechukua khanga na sufuria za bibi harusi. Nilimkuta kwenye banda la kamba, amevaa gambuti, anawapanga kamba wakubwa kwenye kreti za maji, mmoja mmoja, bila kuwavunja ndevu. Aliponiona alimaliza kreti ile kwanza. Kisha akanawa mikono akatoka.

"Karibu," alisema.

"Nimekuya kukupa mkono wa harusi."

"Ahsante."

Nikamwambia, "Kaka, siku ile uani."

"Nayua."

"Wayua nini?"

"Weye hukunitazama usoni. Ulitazama vidole vyangu. Tangu una miaka mitano, ukisema uongo hutazama vidole vya mtu." Alisema bila kupandisha sauti. "Niliyua kabla huyaapa."

"Basi mbona uliingia?"

"Ulisema wallahi. Nikajiambia pengine leo nimekosea. Nikajiambia dadangu hawezi kuapa hivyo." Alipangusa mikono kwenye suruali. "Nilipokiona kitabu nilikutafuta. Wakumbuka? Nilikuwa nasema labda utakohoa, utanipa dalili yoyote ile. Ukanitazama. Halafu ukacheka."

Nilimwambia nisamehe. Nililisema mara nyingi, nikalia, nikamshika mkono. Aliuacha mkono wake mkononi mwangu kama kitu alichomwazima mtu.

"Kwa nini ulimwambia mama kwamba nilikutajia?" nikamuuliza.

"Kwa sababu mama angekuua. Wakati ule bado nilikuwa nakuonea huruma."

Mkewe alitokea mlangoni, msichana mdogo mwenye sauti ya upole, akaniita wifi, akanikaribisha chakula. Kaka akamwambia, "Hali. Ana boti ya kuwahi." Boti ilikuwa ya alasiri. Ilikuwa saa tano ya asubuhi. Niliwaachia khanga na sufuria, nikaenda nikaketi gatini mpaka ilipokuja.

Nilipopata likizo nyingine nilikwenda Matondoni. Mama alikuwa anachambua mchele. Niliketi chini karibu naye, nikamwambia yote, bila kupunguza: kitabu, namba saba, kiapo, kicheko. Nilitaka anipige. Kusema kweli nilikwenda kwa ajili ya hilo.

Mama hakuinua uso. Vidole vyake vilisimama kidogo kwenye ungo, vikaendelea.

"Alikuya hapa Idi," alisema mwishowe. "Hakukutaja."

"Mama, umesikia nilivyokwambia?"

"Nimesikia." Alitupa kijiwe nje ya mlango. "Babako asiyasikie hayo. Moyo wake si mzima. Na weye sasa ndiwe tunayekutegemea." Akapepeta, akapuliza makapi. "Hao wa bandarini, hukuwauliza kama watachukua vijana tena? Mtoto wa jirani amemaliza kidato cha nne. Mamake kaniomba nikwambie umsaidie na fomu."